Shiti za stenlesi 201, 304, 316 na 430: ipi ya maziwa, ipi ya asali, ipi ya reli za ngazi? (Mbeya, Iringa, Njombe tuongee)

Fundi Matangi

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mbeya, riziki yangu ni kuchomelea stenlesi: matangi ya maziwa, masinki, meza za bucha, mashine za kukamulia asali. Naanzisha uzi huu kwa sababu wiki iliyopita nimeletewa tangi la tatu mwaka huu lenye kutu, na mwenye nalo kasema maneno yaleyale niliyosikia kwa wawili waliotangulia: "Fundi, mimi niliambiwa hii haishiki kutu."

Ni tangi la lita 200, la kikundi cha akina mama wanaosindika nyanya upande wa Ilula, Iringa. Nilipofungua mfuniko, ule mstari wa kuchomelea kwa ndani ulikuwa na rangi ya buluu na kahawia, na kandokando yake vidoti vidogo kama majani ya chai yaliyobaki kwenye kichujio. Nikapitisha ukucha. Kidoti kimoja kikabanduka, chini yake kuna tundu. Nikaingiza ncha ya waya mwembamba, ikazama karibu nusu ya unene wa shiti, na shiti yenyewe ni milimita 1.2. Kwa nje tangi linang'aa kama limetoka dukani jana. Wale mama walichanga kwa mwaka mzima kulinunua.

Risiti yao imeandikwa "stainless 304". Sumaku haikushika. Nikaweka tone la dawa ya kupimia, likageuka jekundu. Ile ni 201.

Sasa twende taratibu.

Stenlesi ni chuma cha pua chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa inafunika chuma kwa ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza inajirudisha yenyewe, mradi pawe pasafi na hewa ifike. Adui yake mkubwa ni kloraidi, yaani chumvi na jamaa zake wote. Chumvi haili chuma chote sawasawa kama kutu ya bati. Inachagua sehemu moja dhaifu, inatoboa hapo, na inaendelea kushuka chini huku juu kukiwa kunang'aa. Ndiyo maana mtu anashtuka tangi likivuja siku moja bila dalili.

304 ndiyo mama wa zote. Kromiamu asilimia 18 hivi, nikeli asilimia 8. Zile sufuria na vijiko vilivyogongwa muhuri wa 18/8 au 18/10 ni ukoo huohuo. Inakunjika vizuri, inachomeleka vizuri, na kwa maziwa, maji, asali, chai, pombe na unga, hii inatosha kabisa.

316 ni 304 iliyoongezewa nikeli kidogo (10 kwenda juu) na molibdeni asilimia 2 hadi 3. Hiyo molibdeni ndiyo unayoilipia, kwa sababu ndiyo inayoisaidia kupambana na chumvi. Achari, sosi ya nyanya yenye chumvi na siki inayochemka, vifaa vya dawa: hapo 316 ina maana.

430 haina nikeli, ina kromiamu 16 hadi 18 tu. Sumaku inaishika vizuri. Watu wanaidharau kwa sababu hiyo na wanakosea. Kwa mlango wa friji, ukuta wa jikoni nyuma ya jiko, mfuniko, meza kavu, hii ni nzuri na bei yake ni nafuu. Shida yake ni kuchomelea: pale palipopata moto panakuwa pakavu na panapasuka kirahisi. Tangi usitengenezee.

Sasa 201. Hii imetengenezwa kwa kupunguza nikeli (inabaki 3.5 hadi 5.5) na kuziba pengo kwa metali nyingine, manganizi, asilimia 5.5 hadi 7.5. Kwa macho huwezi kuitofautisha na 304. Sumaku haishiki zote mbili. Uzito ni uleule. Mng'ao uleule. Hata nailoni inayofunika shiti inaweza kuwa na maandishi ya 304, maana nailoni ni karatasi tu, yeyote anaweza kuichapa.

Kwa nini basi ibadilishwe? Hesabu ni hii. Shiti ya futi 4 kwa 8 yenye milimita 1 ina kilo 24 hivi. Ikiwa 304, ndani yake kuna karibu kilo 2 za nikeli. Ikiwa 201, kuna kama kilo moja. Ikiwa 430, hakuna. Nikeli ndiyo ghali humo ndani, na bei yake inapanda na kushuka vibaya: Machi 2022 soko la metali la London lilisimamisha biashara ya nikeli baada ya bei kuvuka dola laki moja kwa tani. Anayekuuzia 201 kwa bei ya 304 anabaki na tofauti ya ile kilo moja mfukoni, na wewe unabaki na tangi.

Na mimi yalinikuta. Niliwahi kuuziwa shiti sita kwa jina la 304 kwenye duka moja hapa mjini, nikatengeneza matangi mawili ya mtindi. Kabla ya mwaka kuisha nikaitwa. Nilirudisha hela ya watu kidogo kidogo, miezi minane. Tangu hapo sinunui bila kupima.

Nawasilisha. Wenye maswali karibuni.

Mama Mtindi Njombe

Shikamoo fundi. Asante kwa kutufungua macho. Mimi nina tangi la lita 100 la maziwa, halijatoboka ila chini limeanza kuwa na vidoti kama ulivyosema. Kila jioni nikimaliza kuosha namimina jiki na maji, nalilaza hivyo hadi asubuhi lisiwe na harufu. Je, nami nimeuziwa 201?

Fundi Matangi

Marahaba mama. Inawezekana ni 304 halali kabisa na bado likaoza kwa hiyo jiki ya usiku kucha.

Jiki ya nyumbani ina dawa ya klorini kiasi cha asilimia 3 hadi 5. Ukichanganya kikombe kimoja na maji vikombe tisa, bado lita moja inabaki na miligramu elfu tatu na zaidi. Mafundi wa vyakula wanasema 304 kwenye maji ya baridi ivumilie kloraidi kama miligramu 200 kwa lita, na 316 kama 1000. Kwa hiyo hata ungenunua 316, usiku kucha ndani ya jiki ungeiua tu, ingechelewa kidogo.

Fanya hivi. Maziwa yakitoka tu, suuza kwa maji ya vuguvugu kabla hayajakauka. Kisha maji ya moto na sabuni, sugua kwa brashi laini ya plastiki. Ukiona ule ukoga mweupe mgumu wa maziwa, hauondoki kwa sabuni, unaondoka kwa asidi ya vyakula, ile ya kusafishia vyombo vya maziwa. Jiki kama ni lazima, weka kidogo sana, dakika kumi zisizidi, suuza kwa maji mengi, geuza tangi likauke. Kukauka mama, hicho ndicho kitu watu wanakisahau. Ile ngozi ya chuma inataka hewa.

Na usisugue kwa steliwaya ya kawaida. Vile vipande vyake vya chuma vinabaki vimenasa kwenye mikwaruzo, vinashika kutu, unadhani tangi ndilo linaoza.

Dogo wa Kabwe

Mkuu, sinki langu nililonunua kama 304 sumaku inashika kwenye kona, katikati haishiki. Nimepigwa?

Fundi Matangi

Hapana dogo. 304 ikikunjwa au ikikandamizwa kwa nguvu kwenye mashine, pale kwenye kona inabadilika kidogo na sumaku inashika kwa mbali. Kama katikati haishiki kabisa, si 430. Ila sumaku haijakuambia kama ni 304 au 201. Hilo ndilo kosa la wengi, wanaenda dukani na sumaku, haishiki, wanalipa wakiwa na amani.

Chuma Iringa

Fundi mwenzangu, salaam kutoka Iringa. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa ila kuhusu 201 umeikandia mno.

Mimi nafunga reli za ngazi na mageti. Asilimia kubwa ya mabomba ninayofunga ni 201 na namwambia mteja wazi kuwa ni 201. Nina reli nimezifunga Gangilonga, hapa Iringa, zina miaka saba, zinafutwa na kitambaa tu, ziko vilevile. Mteja akitaka 304 kwa ajili ya reli ya sebuleni namwambia hela hiyo weka kwenye dari. Dar es Salaam ni habari nyingine, pale upepo wa bahari una chumvi, 201 ndani ya miezi inaanza madoa ya rangi ya chai. Lakini sisi huku juu chumvi ya hewani tunaitoa wapi?

201 haina ubaya ikiuzwa kwa jina lake.

Fundi Matangi

Hapo umenena mkuu, na nakubali. Ubaya ni kubadilishiwa jina.

Na hilo la hewa ulilosema naomba wote walishike. Nimeona mafundi wanawaambia wateja wa Mbeya mjini kwamba reli ya nje lazima iwe 316. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na bahari yenyewe iko mamia ya kilomita. Hata ukishuka Kyela ziwani, Ziwa Nyasa ni maji baridi, hayana chumvi. Kufunga 316 kwenye reli ya Tukuyu ni kumtupia mtu hela mtoni. Chumvi yetu sisi haiko hewani, iko kwenye sufuria na kwenye ndoo ya usafi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mteja si "unakaa wapi", ni "utaweka nini humu ndani, kikiwa cha moto au baridi, na utaosha kwa nini".

Nyongeza kwa wenye masinki: ile asidi ya kusafishia tailizi na vyoo ina asidi ya hidrokloriki. Mvuke wake tu ukiifungia chini ya sinki unatosha kulichafua. Msiiweke hapo.

Mzee wa Pilipili

Umesema dawa ya tone. Inafanyaje kazi na inapatikana wapi? Fafanua mkuu, wengine tuko gizani.

Fundi Matangi

Ni chupa ndogo kama ya dawa ya macho, inakuja na kibetri cha volti 9. Mimi niliagizia kwa mtu anayeleta vifaa vya mafundi. Inapima manganizi.

Unabandua nailoni kwenye kona, unafuta mafuta, unapiga msasa kidogo. Unaweka tone moja. Waya mmoja wa betri unaugusisha kwenye shiti, mwingine kwenye tone, sekunde chache. Tone likigeuka jekundu lenye nguvu, hiyo ni jamii ya 201. Likibaki halina rangi ya maana, haina manganizi nyingi.

Angalieni jambo moja: 430 nayo haiwi nyekundu, kwa sababu haina manganizi nyingi. Kwa hiyo anza na sumaku kuitoa 430, kisha tone kuitoa 201. Inayopita zote mbili ndiyo 304 au 316. Kuzitofautisha hizo mbili kuna chupa nyingine inayopima molibdeni.

Ukinunua shiti nyingi usiishie kwenye tone. Dai cheti cha kiwandani. Kinaonyesha kila kitu kilichomo kwa asilimia, na kina namba ya mkupuo, yaani ya lile yeyusho la chuma lililotoa shiti hiyo. Namba hiyo ilingane na iliyochapwa kwenye shiti yenyewe, si kwenye nailoni. Na beba kaliba, kile kipimo cha unene. Geji 18 ni milimita 1.2, geji 20 ni 0.9, geji 22 ni 0.7. Nimewahi kuuziwa "1.2" yenye 1.0 kamili.

Nyuki Mafinga

Mimi nasindika asali. Kuna fundi kanishauri mashine ya kukamulia iwe 316 kwa sababu asali ni asidi. Mwingine kasema bati la kawaida la zinki linatosha, mabeberu ndio wanaotutisha. Nichukue lipi?

Fundi Matangi

Wote wawili wamekosea, ila wa pili ndiye hatari. Asali kweli ni asidi, na asidi hiyo inamenya zinki ya kwenye bati na kuiingiza kwenye asali yako. Usifanye. Wa kwanza anakupa gharama isiyo na kazi: asali haina chumvi ya kutisha 304. Ngoma ya 304 ya milimita 1 au 1.2, mng'ao wa 2B, yaani ule wa kijivu laini usio wa kioo, imetosha. Kioo kinavutia dukani, ila kila mkwaruzo unaonekana.

Chunya Dhahabu

Fundi, sisi tunataka tangi dogo la kuoshea kaboni (ule mkaa unaonasa dhahabu) kwa asidi ya hidrokloriki. Tumeambiwa 316 ndiyo kiboko ya asidi zote. Utatutengenezea kwa bei gani?

Fundi Matangi

Mkuu, kazi hiyo siipokei, na nakuomba usimpe fundi yeyote. Hidrokloriki inaila 316 na 304 zote. Hiyo ndiyo asidi isiyoendana na stenlesi za kawaida. Tumieni tangi la plastiki nzito linalostahili asidi, au chuma kilichopakwa mpira ndani. Na hakikisheni hakuna sayanaidi (ile sumu ya kuchenjulia dhahabu) iliyobaki kwenye kaboni kabla ya kuweka asidi, ile gesi inayotoka inaua mtu papo hapo. Muulizeni mtaalamu wa uchenjuaji kabla hamjagusa kitu.

Chunya Dhahabu

Tumekuelewa. Tulishataka kulipa advansi mahali. Asante.

Mhandisi Uyole

Niongezee kwenye ile rangi ya buluu ndani ya tangi la Ilula, kwa sababu fundi ameitaja akaipita.

Chuma kikikaa kwenye joto la nyuzi 450 hadi 850 hivi, kaboni iliyomo inaikamata kromiamu na kujikusanya nayo mipakani mwa chembe, zile punje ndogo zinazounda chuma. Pembeni mwa mchomeleo panabaki pakiwa na upungufu wa kromiamu, na hapo ndipo kutu inaanzia. Dawa yake ni aina zenye herufi L: 304L na 316L, kaboni yake haizidi asilimia 0.03. Kwa shiti nyembamba za milimita 1 au 2 joto linapita haraka na 304 ya kawaida haina shida sana. Ukianza kuchomelea pleti nene, chukua L. Siku hizi shiti nyingi cheti chake kinaandika 304/304L kwa pamoja.

Rangi yenyewe ya buluu na kahawia nayo ni tatizo. Ile ni ngozi iliyoungua, haina ulinzi.

Chuma Iringa

Hapo kwenye kuchomelea ndipo tunapowaharibia watu. Mteja ananunua 316 halali, fundi anaikata kwa diski iliyotoka kukata nondo. Kesho asubuhi ina kutu kila mahali cheche zilipotua. Mimi diski na brashi za stenlesi ziko kwenye sanduku lake, kijana akizigusa kwa kazi ya nondo tunagombana.

Halafu agoni, ile gesi ya kukinga mchomeleo na hewa. Wengi wanapuliza upande wa mbele tu. Nyuma mchomeleo unatoka kama sukari guru iliyoungua, mafundomafundo yenye vishimo, na kwenye tangi la chakula huo upande wa nyuma ndio unaogusa maziwa. Lazima gesi iwepo na ndani. Mimi naziba kwa mbao na plasta ya karatasi, naacha tundu dogo la hewa kutoka.

Filla (waya wa kujazia mchomeleo): 304 tunatumia 308L, 316 tunatumia 316L, na ukiunga stenlesi na chuma cheusi ni 309L.

Fundi Matangi

Nashukuru wakuu wawili. Baada ya hapo ni kuondoa ile rangi kwa pesti ya asidi ya kusafishia mchomeleo, na vaeni glavu na miwani, mle ndani kuna asidi inayopenya hadi mfupani bila kuuma mwanzoni. Suuza kwa maji mengi sana.

Kuhusu tangi la Ilula: nimeongea na mwenyekiti wao. Wanapika sosi yenye chumvi na siki, inachemka masaa mawili, halafu walikuwa wanalilaza na jiki. Yaani aina dhaifu, mchomeleo haukusafishwa, chumvi ya moto mchana, klorini usiku. Kulibandika viraka ni kuwadanganya. Nimekubaliana nao nikate sehemu yote ya chini hadi kipimo cha sosi kinapofika, niweke 316L, juu ibaki ileile kwa sababu sosi haifiki pale. Kazi yangu siwatozi, wananunua shiti tu. Na jiki imeondoka pale kiwandani kwao.

Mama Mtindi Njombe

Fundi, narudi na mrejesho. Mdogo wangu yuko Mbeya, alipitia kwako kuchukua chupa ya tone kama tulivyokubaliana kwenye simu. Kwenye tangi langu tone limebaki bila rangi, kwa hiyo si 201, nimeliumiza mwenyewe kwa jiki. Vidoti nimevisugua kwa ile asidi ya kusafishia vyombo vya maziwa uliyonielekeza, vingi vimetoka, viwili vina shimo ila havijapenya.

Jana nimeenda kununua shiti mbili za tangi jipya. Nikaomba nipime kona. Muuzaji akasema mama, hiyo ni 304, imeandikwa hapo kwenye nailoni. Nikabandua nailoni, nikaweka tone na betri. Likawa jekundu kama damu, yeye mwenyewe anaangalia. Akanyamaza kidogo, akamwita kijana akamwambia alete zile za kule nyuma.

Za nyuma hazikuwa nyekundu. Nimechukua mbili na cheti nimepiga picha.